Hodi Kwenye Diski ya Mzee Hermani

Jumapili, 2 Machi 2025. Katesh

Daftari hili nililinunua la maandalio ya masomo. Maandalio yatanisamehe.

Nimetoka kanisani nikamkuta mama wa maziwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, na Jumapili huwa haleti maziwa. Anaitwa Odilia. Ni Mbarbaig, mrefu, mkimya mpaka anakera. Mwaka mzima ananiletea maziwa, na maneno yote aliyowahi kuniambia hayajai kikombe. Leo hakuwa hata na dumu.

"Mwalimu Judica, nasikia diski ya Mzee Hermani iko kwako."

"Iko kwangu."

"Mtoto wangu yumo?"

Mzee Hermani alikuwa na studio ya picha mtaa wa Jorodom, zaidi ya miaka ishirini. Desemba ile ya 2023, tope lilipotoka Mlima Hanang, studio ilikwenda na kila kitu. Baada ya wiki tatu walichimba wakapata kompyuta yake imejaa udongo mpaka ndani. Fundi mmoja Arusha aliihangaikia diski miezi mitano akaifufua, ila picha zimetoka bila majina. Picha elfu kumi na moja zenye namba tu, mchanganyiko mtupu, arusi, ubatizo, za vitambulisho, za shule. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta, tena mimi ndiye mwenye kiherehere, basi mzigo ukaniangukia. Tangu mwaka jana kila Jumamosi nakaa na Mzee kwenye ukumbi wa parokia, ananitajia watu na mkuu wa kaya wa kila mmoja, naandika.

Odilia alikuwa na binti, Philomena, wa miaka sita. Alikaa Jorodom kwa babu yake mzaa baba ili asome. Tope liliwachukua wote wawili na nyumba. Mume yuko Yaeda Chini na ng'ombe, tangu msiba hajapanda huku. Picha aliyopigwa kwa Mzee Hermani ilikuwa ukutani, ikaenda na ukuta.

"Sauti yake ninayo," akasema. "Uso unaondoka. Naota mtoto anakuja, nafurahi, akifika karibu hana uso."

Nikamjibu haraka, "Kama yumo, tutampata."

Mdomo wangu huu utaniponza siku moja.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya jiko tu, kwingine kote hapana. Eti bahati.


Jumamosi, 8 Machi

Nataka niandike hili kabla sijalizoea, maana nikilizoea nitaliona la kawaida.

Shida yangu ilikuwa hivi. Fundi alinionya nisiandike chochote juu ya diski ile, hata herufi moja. Isomwe tu. Na picha moja ya arusi ni ya nyumba ishirini, nitaiweka folda ya nani? Nikiinakili mara ishirini, diski zote za Katesh hazitatosha. Nakala yenyewe ya kwanza sijapata, diski mpya niliyoagiza Arusha bado inasubiriwa.

Nikapata njia. Kwa kawaida ukifungua folda, kiini cha kompyuta, yaani programu kuu inayoendesha mengine yote, kinakwenda moja kwa moja kwenye diski kuleta kilichomo. Sasa kuna maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari, kazi ya watu nisiowajua na sitawajua, inayokuruhusu wewe mtu wa kawaida usimame katikati. Kiini kinakuja kupiga hodi kwako badala ya kwenye diski. Maswali yake si mengi. Kuna kitu chenye jina hili? Kina ukubwa gani? Ndani mna nini? Haya, nisomee. Chochote utakachojibu, kompyuta nzima inakiamini, kuanzia skrini mpaka mashine ya kuchapa. Basi picha ileile moja naweza kuionyesha kwenye folda ishirini bila kuigusa diski.

Leo nimefanya jaribio la kwanza. Nimeandika mistari kama sitini hivi. Nimeiambia programu: ukiulizwa ndani mna nini, sema mna faili moja, linaitwa "mama". Ukiambiwa nisomee, soma "Shikamoo mama, mimi mzima, Hanang kuna baridi." Kisha nikafungua folda kama mtu yeyote anavyofungua.

Likawepo! Faili limekaa pale na picha yake ndogo ya karatasi, likafunguka, likasema shikamoo. Nikalitafuta kwenye diski. Halipo. Halijawahi kuwepo. Nikalifungua tena, likaniamkia tena.

Nilikimbia kumwita Nikolausi, jirani yangu, mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Basotu. Akaja na kikombe chake cha chai.

"Umeliandika mwenyewe, halafu unashtuka mwenyewe?"

"Halipo, Nikolausi! Lipo tu ukiliuliza."

Akalifungua, akalifunga, akalifungua. Akaweka kikombe chini.

"Hebu tena," akasema.

Programu nimeipa jina Hodi.


Jumatatu, 10 Machi

Vipindi saba. Sauti imekauka.


Jumamosi, 15 Machi

Leo ukumbini kulikuwa na vurugu. Tunafanya kazi na Mzee Hermani, watu wamekaa kwenye mabenchi kusubiri, na skrini inaonekana na wote. Ikatokea picha ya binti mmoja aliyekwenda na tope. Mtu mmoja, sitamtaja, akaipiga kwa simu akairusha mtandaoni. Kabla ya saa sita mama wa yule binti akaiona kwenye simu ya shemeji yake, gulioni, katikati ya vitunguu. Alianguka.

Wazee walikaa palepale. Katekista Yohanes akasimama akatoa uamuzi: kila boma lione lake. Mtu akija ataje jina la mkuu wa kaya, aone za nyumba yake, basi.

Mimi nilifurahi, sitaficha. Kwenye Hodi ni kazi ndogo sana. Kiini kikiuliza "ndani mna nini," najibu hamna kitu. Kikija na jina kamili la mkuu wa kaya, folda ipo na picha zipo. Mlango mmoja na ufunguo mmoja. Nimekaa nusu saa nikamaliza.

Mzee Hermani aliendelea kunitajia. Ana miaka sabini na miwili, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, lakini akiona sikio la mtu tu anakwambia ukoo. "Huyu wa kule Dareda, alioa kwetu. Huyu mama yake alikuwa mrefu hivi. Hii ruka, mwalimu. Huyu wa Isidori, andika."

"Ruka" zake ni nyingi. Nadhani ni uzee. Nami sikuuliza.


Jumamosi, 22 Machi

Hodi imefungua milango leo kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Fundi cherehani mmoja amekuja na watoto wake watatu, akataja jina la marehemu baba yake. Nimeandika, nimebonyeza, folda ikatokea pale ambapo hapakuwa na kitu, picha kumi na nne. Baba yake kwenye arusi, baba yake na baiskeli mpya. Watu wazima walishika vichwa. Mama mmoja mwenye rozari alinong'ona, "Hii si kazi ya mikono tu." Nami niliyeandika kila mstari, nalijua kila kosa lililomo, nilikubaliana naye.

Kisha Odilia akaja mezani.

"Jina la mkuu wa kaya?"

Akavuta shuka begani.

"Mama, nyumba ya nani? Babu yake Philomena anaitwa nani?"

Akanitazama. Akaangalia chini. Akaweka kona ya shuka mdomoni.

"Hujui jina la baba mkwe wako?"

Nyuma mtu akacheka. Odilia akarudi benchini, akakaa mpaka tunafunga.


Jumanne, 25 Machi

Nimejifunza jambo. Kiini kikipiga hodi na programu yangu isiitike, yaani isiseme ndiyo wala hapana, kiini hakiondoki mlangoni. Kinasimama palepale. Na kila anayekuja nyuma yake anasimama pia, mpaka kompyuta nzima inaganda, hata mshale hausogei. Kosa lilikuwa langu, sehemu moja nilisahau kujibu. "Hakuna" ni jibu, kompyuta inalipokea vizuri tu. Kisichovumilika ni kunyamaziwa.

Nimezima kwa nguvu mara nne. Wanafunzi wamefurahia sana.


Jumamosi, 29 Machi

Nyumba kumi na tisa zimefunguliwa. Odilia amekuja, amekaa benchi la mbele, anaangalia mikono yangu. Sikumwita, naye hakuja.


Jumanne, 1 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Mlima umejifunika blanketi lake la mawingu, hauonekani. Watu wa hapa wakiamka wanautazama kwanza ndipo wanasalimiana. Nami nimeanza.


Jumamosi, 5 Aprili

Naandika haya nikiwa na hasira, kesho nitaona kama yana maana.

Odilia tena. Nimemwita mwenyewe. Nimesema, "Mama, kompyuta si mganga. Haitambui mtu kwa kumwangalia. Bila jina haifungui. Nipe jina nikupe mtoto, ni hivyo tu." Akashika tena kona ya shuka. Nikasema, tena kwa sauti, "Basi kama hutaki unakuja kufanya nini hapa kila wiki?"

Mzee Hermani aliondoa miwani akaanza kuifuta. Akaifuta kwa muda mrefu sana.

Odilia akasema, "Nasubiri, mwalimu." Akarudi kwenye benchi lake.

Anasubiri nini? Jina litoke kwenye ukuta?


Jumamosi, 12 Aprili

Nguo bado zina tope, karatasi itanisamehe.

Saa nane mchana mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunapigiana kelele kusikilizana. Ukumbini kuna watu kama hamsini. Ghafla mngurumo. Wa chini, mzito, benchi zikatikisika. Mtu akapiga ukelele: "Mlima!"

Mimi ni mtu wa Same. Desemba ile sikuwepo hapa. Lakini nilipoziona nyuso za waliokuwepo, miguu ilinitangulia. Tulitoka wote kwa milango miwili, tukapanda kule upande wa juu, akina mama wamebeba watoto wa wenzao, katekista Yohanes amembeba Mzee Hermani mgongoni. Tope lilinivua kiatu. Tulisimama juu kwenye mvua tukaanza kuhesabiana kwa majina.

Kumbe ni lori. Limemwaga mawe ya kujengea kivuko, nyuma kabisa ya ukumbi. Dereva ameshuka anatushangaa tulivyo.

Hakuna aliyemtukana. Kuna waliokaa chini kwenye tope wakalia tu. Ndipo nikakumbuka. Diski! Nilikimbia nikaiacha mezani. Nakala sina hata moja. Picha elfu kumi na moja za watu hawa, mimi nimeokoa daftari la mahudhurio.

Nikashuka mbio. Kompyuta ipo, waya unaning'inia, diski haipo. Nilipiga magoti nikatafuta chini ya meza, chini ya mabenchi. Haipo. Nilitaka kuandika hapa kwamba nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikakumbuka niko wapi. Hilo neno halisemwi Katesh.

Nilipoinua kichwa Odilia alikuwa mlangoni. Wa mwisho kushuka. Amelowa mpaka maji yanamchuruzika puani, mikono yote miwili imekumbatia tumbo, namna mtu anavyobeba mtoto mchanga. Akaja mezani, akafungua shuka, mfuko wa plastiki, ndani yake kitambaa chake cha kichwani, ndani yake diski. Kavu.

"Nimeichomoa," akasema. "Nimekosea?"

"Ulijuaje kuichomoa?"

"Nakuangalia kila Jumamosi."

Nilimkumbatia. Alikaa wima kama mlingoti, hajazoea, lakini hakunisukuma.


Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Nimemsimulia Nikolausi mambo yote, kwa chai. Nikamwambia sielewi, mwanamke anakimbilia diski badala ya kukimbia mlima, ila jina moja hataki kulitoa.

"Ulimuuliza jina gani?"

"La mkuu wa kaya. Baba mkwe wake. Si alitaje tu?"

Nikolausi akavuta kiti karibu.

"Judica, kwetu Wabarbaig mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe. Halitamki. Akiwa hai halitamki, akifa ndiyo kabisa. Mama yangu ana miaka arobaini kwenye boma lile, sijawahi kusikia jina la babu yangu kinywani mwake."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akwambie mbele ya watu hamsini, na wewe unamfokea?"

"Sikumfokea."

Akanywa chai.

"Nilimfokea," nikasema.

Kuuliza si ujinga, hilo nalifundisha darasani kila siku. Nimemuuliza yule mama swali lilelile mara tatu, na swali la maana sikumuuliza hata mara moja. Anasubiri nini? Alisubiri mimi nipate akili. Wiki nne kwenye benchi.

Nikolausi alimfahamu marehemu baba mkwe wa Odilia, naye si mkwe wake, anaweza kumtaja. Akanitajia jina kwa sauti ya chini. Hapa silitaji. Odilia hajui kusoma mwandiko wangu, lakini silitaji.

Nikafungua Hodi. Jina likaingia, folda ikatokea. Picha nne. Mzee na fimbo yake. Mzee na mume wa Odilia alipokuwa kijana. Arusi. Mzee na dume la ng'ombe.

Mtoto hayumo.

Nilizipitia mara tatu. Nikolausi akasema labda hakupigwa. Nikamwambia alipigwa, mama yake amesema.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda kwa Mzee Hermani baada ya kazi. Shikamoo, marahaba, karibu kiti, makande yapo. Nimemweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo, cheko la huzuni.

"Mwalimu, watoto wa akina mama wa Kibarbaig huwapati kwenye jina la mzee. Mama alikuwa anakuja studio, namuuliza, bahasha niandike ya nani? Anaziba mdomo. Mimi Mwiraqw, lakini nimekaa nao maisha yangu yote, najua. Basi namwambia, nipe neno lako, utakalokuja nalo siku ya kuchukua. Mmoja atasema, andika ya mti uliopigwa radi. Mwingine, ya ndama kipofu. Naandika hivyo. Akirudi anasema neno lake, nampa bahasha yake. Miaka ishirini sikumpa mtu picha isiyo yake."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Uliniambia jina la mkuu wa kaya. Ndama kipofu si mkuu wa kaya." Akakuna kidevu. "Na wewe ndiye mwenye kompyuta. Nilisema huenda kompyuta haitaki mambo ya ndama. Nikasema ruka."

Ruka! Niliporudi nyumbani nimezihesabu. Mia tatu na kumi na mbili. Nilidhani ni uzee.

"Unayakumbuka hayo maneno?"

"Eva wangu alifariki mwaka juzi, na siku tuliyofunga ndoa inanipotea. Bahasha zangu hazijanipotea. Lete picha."

"Na la Odilia ni lipi?"

Akavaa miwani akaniangalia kwa jicho lile zima.

"Hilo nitakwambia uliandike pamoja na mengine, lakini la nani sitakwambia. Aseme mwenyewe. Huo ndio ulikuwa ufunguo."


Jumatano, 16 Aprili

Diski ya nakala imefika na basi. Nimenakili siku nzima nimeikalia kama kuku. Sasa ziko mbili. Moja ameichukua Mzee.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada asubuhi, kisha Mzee mpaka jioni. Tumemaliza zote mia tatu na kumi na mbili kwa siku tatu. Ananitazamia picha, anasema neno: ya mto uliorudi nyuma. Ya jiwe la kunolea. Ya mwaka wa nzige. Ya kifungua mimba aliyezaliwa njiani. Ya ng'ombe aliyezaa mapacha. Ya nyuki waliohamia chungu. Nilikuwa naandika huku machozi yananitoka na sijui nalilia nini. Wanawake mia tatu na ushee, kila mmoja alisimama kwenye kaunta ya mbao akatafuta haraka haraka kitu kimoja kwenye maisha yake ambacho hatakisahau, akamkabidhi mpiga picha. Mwanaume huyu akavitunza vyote.

Na mimi nilikuja na fomu yenye mstari mmoja.

Nimeubadilisha moyo wa Hodi. Kiini kikiuliza ndani mna nini, bado inajibu hamna kitu, wazee walisema hivyo na walisema sawa. Ila sasa haidai jina la mkuu wa kaya peke yake. Kiini kikija na neno la mama, mlango upo. Folda hizi hazimo kwenye orodha yoyote. Ukiichunguza diski mwaka mzima huzioni. Zinakuwepo pale zinapoitwa na mwenyewe, zikifungwa hazipo tena, na picha yenyewe muda wote haijatikisika mahali ilipolala. Maktaba inaruhusu! Watu wale nisiowajua, huko waliko, waliacha nafasi ya kuitika jina ambalo halijaorodheshwa. Sidhani waliwafikiria wake wa Kibarbaig. Lakini nafasi ipo, inatosha kabisa, imekaa inawasubiri.

Nimejaribu moja tu, kuona kama inafanya kazi. Niliandika neno la uongo. Ikajibu hakuna. Vizuri. Mengine sikuyagusa. Si yangu.


Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Amefufuka. Pilau kwa akina Nikolausi. Odilia alileta maziwa ingawa ni Jumapili, nikamwambia Jumamosi njoo. Akasema nakuja kila Jumamosi. Nikaona aibu upya.


Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, ukumbi ulikuwa wazi kwetu tu. Nimeigeuza meza. Skrini sasa inatazama ukutani, anayeona ni mwenyewe na mimi. Katekista Yohanes amewaambia watu wakae nyuma, naye amekaa nao.

Nimemwita Odilia nikampa kiti, si kusimama kama yuko polisi. Nikamwambia hivi, nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri: "Mama Philomena, nisamehe. Nilikuuliza kitu ambacho hakiulizwi. Sijui mila zenu na sikuuliza."

"Wewe mgeni," akasema. Hakusema yamekwisha. Amesema mgeni tu, nikalipokea.

"Siku uliyompeleka mtoto studio, Mzee alikuuliza bahasha aandike ya nani. Ulimwambia nini?"

Macho yake yalikwenda kwa Mzee Hermani. Mzee anaangalia dirisha, kama vile mvua ndiyo imemleta.

"Ile bahasha ilikwenda na tope," akasema.

"Neno halikwenda."

Akazungusha bangili mkononi. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeshika kitu cha moto:

"Nilimwambia andika ya ng'ombe aliyezaa mapacha."

Nikaandika. Vidole vilinikosea mara mbili, ng'ombe akakosa ng'. Nikabonyeza. Ninajua kinachotokea pale ndani, nimekiandika mimi: kiini kikaja mlangoni kwa Hodi, kikauliza, kuna kitu cha jina hili? Hodi ikasema kipo. Mna nini? Mna picha moja. Nisomee. Ninajua kila hatua, na bado nilikuwa namwomba Mungu kwa Kipare.

Mtoto akatokea.

Sweta ya shule kubwa, mikono imemezwa na mikono ya sweta. Nyuma kitambaa cha bluu. Kidevu ameinua kwa makusudi, amekasirika kidogo au anazuia kicheko, maana mdomo umefunguka upande mmoja na jino la mbele halipo. Pembeni kabisa, kwenye ukingo, kuna mkono wa mtu mzima wenye bangili za shaba unanyoosha kitambaa. Nikatazama mkono uliokuwa mezani kwangu. Bangili zilezile.

Odilia hakulia. Alisogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Jino," akasema. "Nilisahau jino. Lilitoka kwenye hindi." Akacheka, akaziba mdomo, akacheka ndani ya kiganja. "Alilitafuta kwenye majani siku nzima."

Akakaa hivyo, sijui dakika ngapi. Nilitaka kusema nitakuchapia, nikaung'ata ulimi, angalau leo.

"Funga," akasema.

"Nifunge?"

"Funga kabisa."

Nikafunga. Skrini ikabaki tupu. Folda haipo, orodha haina kitu. Nikaogopa nimekosea tena.

"Sasa nitaita mwenyewe," akasema. "Wewe andika."

Na akaliita lile neno, safari hii si kwa kunong'ona, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kutoka upande wa pili wa zizi. Nikaandika. Philomena akatokea, kidevu juu, jino hakuna.

"Funga."

Nikafunga. Akaita. Akatokea.

Mara ya tatu hata waliokaa nyuma wasioona kitu walikuwa wamesimama. Odilia akageuka, akamtazama Mzee Hermani, na machozi sasa yanashuka, mengi, hayafuti.

"Anaitika," akamwambia. "Mzee, nikimwita anaitika."

Mzee aliinuka na fimbo yake akaja mezani. Akatoa kwenye mfuko wa koti bahasha ya kaki, mpya, ile ya ukubwa wa picha, na kalamu. Nilichapa. Akaiweka picha ndani, akaandika juu yake kwa herufi zake za zamani zilizolala, akaishikilia kifuani, hakumpa.

"Ya nani?" akamuuliza.

Odilia akajifuta uso kwa kona ya shuka, akanyoosha mgongo, akasema neno lake. Akapewa.